Hadubini ya elektroni imelala ndani ya kreti Kisumu: tuifungue au tuiandikie barua?

Fundi_wa_Dunga:
Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kisumu, jina la chuo tuliache. Tuna hadubini ya elektroni, ile ambayo elektroni hupenya sampuli na kutoka upande wa pili, si ile ya kupapasa juu ya kitu. Ni ya kilovolti 100, imeshatumika ng'ambo, ikaja kwetu kama msaada. Tangu ishushwe kwenye lori imekaa stoo ndani ya makreti matano. Huu ni mwaka wa nne. Paka wa kantini amezalia juu ya kreti la nguzo, ule mnara ambamo elektroni hupita, mara mbili.

Sasa tumepata mkuu wa idara mpya. Ameniita akaniuliza swali moja tu: itafanya kazi, au tuandike barua iondolewe? Nimepewa hadi mwisho wa muhula nijibu.

Kazi tunayoitakia si ya kujionyesha. Tunafuatilia ule ukijani unaotanda juu ya maji katika Ghuba ya Winam, hasa bakteria wa kijani waitwao Microcystis. Kwa hadubini ya mwanga tunaona vidoto vyeusi vyeusi ndani ya seli, basi. Tunataka kujua vidoto hivyo vina nini ndani.

Mliowahi kuishika mashine hii, nipeni ukweli hata kama ni mchungu.

Kijana_Maseno:
Mazee, niko mwaka wa pili, msinicheke. Kwa nini msitafute tu lenzi kali zaidi? Yetu inakuza mara elfu moja. Mkipata ya mara elfu kumi si mtaona hadi ndani?

Mstaafu_Njoro:
Hakuna wa kukucheka, kijana wangu. Kukuza si kuona. Chukua picha ya gazeti uikuze: utapata madoa makubwa, sura haitaongezeka hata kope moja. Ernst Abbe alionyesha tangu 1873 kwamba kikomo hakiko kwenye ufundi wa lenzi, kiko kwenye wimbi la mwanga wenyewe.

Wewe unatoka upande wa ziwani, nikuulize: wavu wa mbuta utakuletea omena? Mwanga wa kijani una wimbi la nanomita 550 hivi. Vitu viwili vikikaribiana kuliko nanomita 200 hivi, mwanga unaviona kitu kimoja. Ndipo Louis de Broglie mwaka 1924 akasema chembe nazo zina tabia ya wimbi. Elektroni ukiisukuma kwa volti 100,000, wimbi lake linakuwa nanomita 0.0037. Hapo sasa una wavu wa omena.

Lenzi za hadubini ya elektroni si kioo. Ni koili za waya wa shaba ndani ya chuma laini. Ukibadilisha mkondo wa stima, lenzi inabadilika nguvu. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda ya kwanza Berlin mwaka 1931, na kufikia 1933 Ruska alikuwa ameipita hadubini ya mwanga. Nobeli yake ilikuja 1986. Miaka zaidi ya hamsini, na alikuwa bado hai kuipokea. Sisi tunanung'unikia posho ya miezi mitatu.

Fundi, swali lako nitalirudia jioni. Macho yangu hayapendi simu mchana.

Mkosoaji_Milimani:
Mimi nitasema ambacho wengine wanaogopa. Uzeni chuma chakavu. Msaada wa mashine kuukuu ni njia ya mtu kuhamishia takataka zake kwako, na bado unampigia makofi bandarini. Hiyo kitu itakula bajeti ya idara nzima, halafu siku inaharibika kadi moja ya umeme, fundi anatakiwa atoke nchi nyingine na tiketi ya ndege juu yenu. Nimeona mashine tatu za namna hiyo zikigeuka meza za kuwekea birika.

Stima_Kondele:
Bosi, mimi ni fundi wa stima, sijui habari ya seli. Ila nimewahi kufunga mitambo ya hospitali, na hapo juu mmesema mkondo wa koili ndio lenzi. Basi stima ikiyumba, picha inayumba. Hapa kwetu kuna jioni utapima volti 240 na jioni utapima 205, hujakosea mita.

Kwa hiyo mnahitaji stabilaiza, UPS ya ukubwa wa maana na jenereta inayowaka yenyewe. Pia angalieni chumba kiko wapi. Mkiweka nguzo hiyo ukutani mwa transfoma, uga wa sumaku wa hezi 50 utaivuruga miale. Lifti iliyo karibu ni mbaya vilevile.

Mstaafu_Njoro:
Stima_Kondele ananena kama aliyekaa nayo. Ukiona kingo za picha zimekuwa na meno kama msumeno, tafuta uga wa sumaku kabla hujalaumu lenzi. Na sakafu iwe ya chini kabisa, mbali na barabara ya malori.

Lakini, Fundi, kinachoua mashine hizi kwetu ni maji. Nimekaa na hadubini kama hiyo miaka mingi, mahali sitapataja. Elektroni haziwezi kusafiri hewani, zinagongana na molekuli na kutawanyika, kwa hiyo nguzo nzima lazima iwe ombwe, yaani isiwe na hewa ndani. Pampu ya rotari inatoa hewa nyingi ya kwanza, kisha ile ya difyusheni inamalizia. Hii ya pili haina kitu kinachozunguka: ni mafuta yanayochemshwa chini, mvuke wake unarushwa kuelekea chini na kuburuta molekuli za hewa. Ukuta wake unapoozwa na maji ili mvuke ugande na urudi chini.

Sasa fikiria maji yamekatika na hita bado inawaka. Kwetu ilitokea Ijumaa moja saa tisa. Bomba lilikauka, swichi ya kulinda ilikuwa imeungwa waya moja kwa moja na mtu aliyechoka na kelele zake. Mafuta yakapanda juu hadi ndani ya nguzo. Jumatatu nilifungua nikakuta utando wa kahawia kila mahali, kuanzia vali mpaka kwenye kishikilia sampuli. Tulisafisha wiki sita, kipande kwa kipande, kwa pamba na asetoni. Sikuweza kula chapati za mafuta kwa muda.

Kwa hiyo usiiunge kamwe na maji ya bomba la mji. Nunua mashine ya kupoozea inayozungusha maji yaleyale. Na hapo Kisumu usiyapoze kupita kiasi: hewa yenu ina unyevu, maji yakiwa ya nyuzi 10 mabomba yatatoa jasho juu ya nyaya. Karibu nyuzi 20 panatosha.

Mkosoaji_Milimani:
Mzee, unaniunga mkono au unanipinga?

Mstaafu_Njoro:
Nasimulia.

Daktari_Mimea_Kakamega:
Mkosoaji, nakuelewa, lakini usiharakishe. Mimi ni dada wa magonjwa ya mimea. Mnakumbuka mahindi ya Bomet yalivyokauka yakiwa mabichi mwaka 2011? Ule ugonjwa ni virusi viwili vinavyosaidiana: kimoja ni cha mviringo, nanomita 30 hivi, kingine ni kama uzi uliolegea, urefu wa nanomita 750 hivi na upana usiofika 15. Vipimo vya jeni au vya kingamwili vinajibu kile ulichokiuliza tu. Ukiuliza virusi vya aina A, vinakwambia vipo au havipo. Hadubini hii haihitaji uijue aina kwanza. Unasaga kipande cha jani ndani ya tone la rangi yenye metali nzito, unaweka kwenye gridi, kile kijisahani cha kubebea sampuli, unafyonza kwa karatasi, unatazama. Dakika kumi. Ukiona viduara na nyuzi pamoja, umeshajua kwamba wageni ni wawili.

Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, viligunduliwa kwa njia hiyohiyo mwaka 1973 huko Melbourne na Ruth Bishop na wenzake, kwa vipande vya utumbo vilivyotazamwa kwa hadubini ya elektroni. Hakuna kipimo kilichokuwa kinavitafuta.

Kwa kazi ya kila siku ya shambani, sawa, vipimo vya jeni ni rahisi na haraka. Sibishani na hilo.

Fundi, kabla ya yote, hivyo vidoto vyenu jaribuni kwa chupa. Mjerumani Heinrich Klebahn alifanya hivi mwaka 1895. Jaza chupa nene maji yenye ukijani hadi shingoni, hewa isibaki, ziba kwa kizibo cha mpira, kisha gonga kizibo kwa nyundo. Kama vidoto ni vifuko vya gesi, shinikizo litavifinya, ukijani utazama badala ya kuelea. Vaa glavu na miwani, zungushia chupa kitambaa, na maji hayo yasiguse mdomo, Microcystis huwa na sumu ya ini.

Fundi_wa_Dunga:
Nimefanya, dada! Chupa mbili kutoka ufukwe wa Dunga, moja nikaigonga, nyingine nikaiacha. Iliyogongwa iligeuka rangi papo hapo, ule weupe wa maziwa ukapotea, na kufika saa kumi ukijani ulikuwa chini. Ile nyingine bado inaelea kama mafuta. Mlinzi wa geti amechukua video, anasema ni uchawi wa chuo.

Daktari_Mimea_Kakamega:
Basi hivyo ni vifuko vya gesi. Umbo lake lilithibitishwa kwa hadubini ya elektroni mwaka 1965: mirija midogo ya protini, imefungwa ncha zote mbili kwa koni, imepangwa kama vijiti vya kiberiti. Ukuta wake ni wa nanomita 2 hivi. Ukikata seli kwa kukingama utaona sega la nyuki.

Kijana_Maseno:
Kukata seli? Kwa kisu gani?

Mstaafu_Njoro:
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Watu wakisema hadubini ya elektroni wanafikiria ile nguzo. Nguzo ni nusu saa ya mwisho. Wiki nzima kabla yake unaimalizia mezani, na meza haihitaji ombwe wala volti laki moja.

Fundi, katika hayo makreti matano, kuna lenye kifaa kidogo chenye darubini ya macho mawili na gurudumu la mkono pembeni?

Fundi_wa_Dunga:
Lipo! Tulidhani ni hadubini ya akiba. Na kuna kisanduku kingine chenye mpini na gurudumu dogo, na vipande virefu vya kioo kinene.

Mstaafu_Njoro:
Mungu ni mwema. Hicho cha kwanza ni ultramaikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba mno, cha pili ni cha kuvunjia kioo kiwe visu. Hivyo viwili fungua kesho. Nguzo iache na paka wake.

Sikiliza utaratibu. Ukijani usiuzungushe kwa mashinepewa, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi ili vitu vizame, utavifinya vifuko ulivyovifuata. Isitoshe unaelea, kwa hiyo uchote juu. Uhifadhi kwa glutaraldehidi ya asilimia 2.5, dawa ya kukaza seli zisioze, uchanganye na agari vuguvugu upate donge, ukate vipande vya milimita moja. Kisha osmiamu tetroksidi ya asilimia 1. Hii ni ya kuogopwa: mvuke wake unaweza kuharibu jicho. Fanyia ndani ya kabati la kunyonya hewa, na pembeni uwe na chupa ya mafuta ya mahindi, yale ya kupikia. Ikimwagika unaifunika nayo, inageuka nyeusi na kutulia. Masalio pia unayaua hivyohivyo.

Baada ya hapo ethanoli kwa hatua, kidogo kidogo hadi maji yote yatoke, kisha resini, ile plastiki ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, kisha tanuri ya nyuzi 60 siku mbili. Kisumu ina unyevu, resini inaunywa, na donge likiwa na maji linakuwa laini kama jibini. Weka kila kitu ndani ya chombo chenye chembe za silika.

Kukata sasa. Kioo kinavunjwa miraba ya milimita 25, kisha mraba unavunjwa kwa mshazari. Ukingo mpya wa kioo ni mkali kuliko wembe wowote, lakini ni wa leo tu, kesho umeshapooza. Kisu cha almasi kinadumu miaka, nacho ni maelfu ya dola, kisahau kwa sasa. Nyuma ya ukingo unatengeneza kidimbwi kwa utepe, unaziba kwa rangi ya kucha, unajaza maji. Vipande vinatoka vikielea juu ya maji vimeshikana kama utepe, na unene unausoma kwa rangi: kijivu ni chini ya nanomita 60, fedha ni 60 hadi 90, dhahabu ni zaidi. Wewe unataka fedha. Zambarau tupa.

Mkosoaji_Milimani:
Rangi ya kucha?

Mstaafu_Njoro:
Rangi ya kucha. Na utepe unasogezwa kwa ukope wa mtu ulionatishwa kwenye kijiti. Chombo hicho hakiuzwi kwa tenda. Zima feni na uzuie pumzi, ukihema vipande vinakimbia.

Stima_Kondele:
Kuzima feni Kisumu mwezi wa pili. Poleni.

Daktari_Mimea_Kakamega:
Nyongeza ya rangi. Kwa vipande hutumika yuranili asetati halafu sitrati ya risasi. Ya kwanza ina urani, mionzi yake ni midogo lakini ni sumu, na kuiagiza kunataka kibali cha mamlaka ya nyuklia. Siku hizi kuna mbadala za lanthanidi, na kwa virusi vya majani mimi natumia asidi ya fosfotangstiki tu. Ya risasi haipendi pumzi yako: kabonidayoksaidi inaigeuza chembe nyeupe zinazoharibu picha. Weka punje za hidroksidi ya sodiamu kwenye sahani ileile zinyonye hewa hiyo.

Mkikata vizuri, gridi ni vijisahani vya shaba vya milimita 3 hivi. Hamsini zinaingia kwenye kisanduku kinachoenea mfukoni. Tafuteni hadubini inayofanya kazi Nairobi, mlipie saa mbili.

Kijana_Maseno:
Na nguzo? Itakaa tu?

Mstaafu_Njoro:
Nguzo ikaguliwe, isiwashwe. Hesabu nyaya kwa kitabu chake. Oringi, zile pete za mpira za kuzibia hewa, zikikaa miaka minne zinakakamaa, zote zibadilishwe. Pima koili kwa mita kama hazijakatika. Angalia kama inatumia filamu, maana filamu zake siku hizi ni shida. Kamera ya dijitali ni gharama nyingine. Ulizia ni gesi gani ilijazwa kwenye kichwa cha volti kubwa. Nitrojeni ya kimiminika, ya kugandishia uchafu karibu na sampuli, hiyo isikutishe: wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa wanazunguka na mitungi yake, waulize wanakojazia.

Ukishapata chumba, maji ya kuzunguka, na mtu mmoja aliyeahidiwa mshahara wa kukaa nayo, fungua. Bila huyo mtu, Mkosoaji yuko sahihi.

Mkosoaji_Milimani:
Nimeipiga picha hiyo sentensi.

Fundi_wa_Dunga (wiki saba baadaye):
Wadau, narudi na ripoti. Ultramaikrotomu ilihitaji mkanda mpya na grisi, basi. Visu nimevunja thelathini na moja, vilivyokata ni tisa. Madonge ya kwanza yalikuwa laini kama Mzee alivyoonya, tukayatupa, tukanunua silika, ya pili yakagonga meza kama kokoto. Utepe wa rangi ya fedha niliupata siku ya Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Nilikaa kama dakika nzima bila kuhema. Ukope ni wa binti yangu, kaniuzia kwa mandazi mawili.

Nilipanda shatle ya alfajiri na gridi nane. Nairobi tulilipia saa mbili. Kioo cha kutazamia kinang'aa kijani, taa za chumba zimezimwa, na opereta akazungusha kirungu kimoja. Sega la nyuki, ndugu zangu. Seli baada ya seli. Chupa tuliyoigonga nayo nilikuwa nimeipitisha njia ileile: seli zake zina mistari iliyobanana tu, kama magunia matupu.

Kwa mkuu wa idara nimeandika kurasa mbili. Nimeomba chumba cha chini upande wa mbali na barabara, mashine ya kupoozea maji, na nafasi moja ya fundi. Nimeandika kwamba nguzo isifunguliwe mpaka vitatu hivyo vipatikane, na kwamba wakati huo tutaendelea kukata hapa na kutazama Nairobi. Hajajibu, ila ameagiza kioo cha kuvunjia.

Picha nne nimeambatisha. Mzee, nipe maoni.

Stima_Kondele:
Hongera bosi. Siku ya kupima chumba niite, nakuja na mita.

Mstaafu_Njoro:
Nimeziangalia kwa kompyuta ya mjukuu. Ya kwanza na ya nne ni nzuri. Ya tatu ina chembe nyeusi, hiyo ni sitrati ya risasi, ulihema. Ya pili ina mistari mitatu inayokwenda upande mmoja kutoka juu hadi chini. Kisu kilikuwa na pengo na ukaendelea kukitumia. Vunja kingine.